Matunda ya Kichaka cha Gereji

Kila Ijumaa mama mkwe wangu alinitumia juisi ya matunda ya miiba kwa basi la kutoka Iringa, na kila Jumamosi asubuhi niliimwaga kwenye sinki. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani. Sikuwa mkwe mwenye dharau. Nilikuwa mwoga, na mwoga aliyesoma kidogo ana kazi kweli: anajua mambo ya kutosha kumtia hofu, hajui ya kutosha kumtoa humo.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Tulikuwa tunaishi Uyole, mume wangu akifundisha shule ya msingi, mimi nikifanya kazi katika maabara moja ya udongo hapo Mbeya. Watu wakisikia maabara wanafikiria koti jeupe na hadubini. Koti lipo, ila saa nyingi ni vumbi. Udongo unakuja ndani ya mifuko ya plastiki: mweusi wa kunata kutoka mashamba ya mpunga ya Madibira, mwekundu kutoka Iringa, mwepesi wa rangi ya majivu kutoka kwetu Rungwe. Tunauanika, tunautwanga, tunauchekecha, kisha tunapima una chakula gani cha mimea. Wakati mwingine yanaletwa majani. Hayo tunayachoma mpaka yawe majivu, majivu tunayayeyusha kwenye tindikali, na mashine inasoma madini yaliyomo. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka sita na nilijiona najua karibu kila kitu ambacho mmea unakula.

Uzazi wangu wa kwanza ulinimaliza damu. Niliongezewa chupa mbili, na katika yote yaliyotokea siku ile nakumbuka uso wa mama mkwe wangu juu ya uso wangu, akiniita kwa Kihehe. Mimi si Mhehe, lakini siku ile nilimwelewa kila neno. Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, ukoo mzima ulikuwa na jicho moja kwenye tumbo langu na jingine kwenye damu yangu. Nilipokwenda kliniki wakanitoboa kidole, wakasoma damu tisa, na mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja. Muuguzi aliitazama kadi, akanitazama na mimi.

"Mama, si wewe uliyetaka kutufia kipindi kile?"

"Ndiye mimi."

"Basi tisa sitaki kuiona tena. Ikishuka hapo utalazwa, na kuzalia hapa kwetu usahau."

Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Tumbo langu likavikataa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mume wangu, kama watoto wa kiume wote wanaopenda mama zao, akapiga simu nyumbani kushtaki. Haikupita nusu saa simu yangu ikaita.

"Nimesikia damu imekataa tena," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa usilie. Huku dawa iko. Hii udongo yetu ni nyekundu, na ile matunda yake inatoka nyeusi kama ini. Wewe utakunywa tu."

Matunda aliyoyasema ni yale madogo meusi yanayoota kwenye vichaka vya miiba kando ya njia, kila moja limeundwa na vitone vingi vilivyoshikana. Kila kabila huku Nyanda za Juu lina jina lake, na watoto wa makabila yote wanajuana kwa ulimi wa zambarau wanapotoka kuyachuma. Ni laini mno. Mara ya kwanza aliyatuma mazima ndani ya ndoo ndogo, yakafika uji, na uji wenyewe ukavuja kwenye mzigo wa mashuka ya mtu. Kondakta alinipigia simu kwa sauti ambayo sikuipenda. Tangu hapo mama akawa anayakamua, anayachuja kwa kitambaa, anayatia kwenye chupa za maji ya kununua, na kuzifunga kwa mfuko wa nailoni mara tatu.

Hoja yake wala haikuwa ngeni. Huku kwetu kila chenye rangi nyekundu kinaongeza damu: rozela, bitiruti, hata soda nyekundu nimeona mgonjwa akipelekewa wodini. Na udongo wa Iringa ni mwekundu kweli, ukivaa soksi nyeupe, jioni unazitambua kwa kukisia. Kwamba tunda la udongo huo litakuwa na chuma tele, mtu yeyote angekubali. Mimi mwenyewe ningekubali, kama nisingejua kichaka chenyewe kiko wapi.

Nilikijua. Nyumba ya mama mkwe iko kwenye kijiji kimoja cha barabara kuu, na nyuma ya shamba lake la mahindi palikuwa na gereji. Malori yaliyopata ajali yalikokotwa hapo yakachinjwa vipande vipande. Kulikuwa na fundi aliyepasua betri kuukuu, akamwaga tindikali yake chini, akayeyusha risasi ya ndani, yaani yale madini mazito ya kijivu, kwenye sufuria juu ya moto wa kuni. Gereji ilihama miaka mingi iliyopita. Pale ilipokuwa hapakuota mahindi wala maharage, ila miiba ilishika vizuri ajabu, na mama alisema matunda yake ni makubwa kuliko ya kokote kijijini. Nami najua risasi inavyoharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nilishasoma kwenye vitabu vya kazini, tena mara mbili, na mara ya pili nilijuta.

Kwa nini sikumwambia? Kwetu mkwe hampi mama mkwe jibu la hapana. Anasema "asante, Mama," huku amepiga goti, na hapana yake anaimaliza mwenyewe jikoni. Kwa miaka saba ya ndoa nilikuwa sijawahi hata kumkatiza sentensi. Kwa hiyo nilipokea chupa, nikashukuru, nikamwaga. Nikaona nimefanya busara.

Kumbe nilisahau kwamba sinki langu ni jeupe. Ijumaa moja mama hakutuma chupa, alikuja nayo mwenyewe ili anisindikize kliniki. Aliingia jikoni kuosha mikono, akakawia kupita kiasi cha mtu anayeosha mikono. Nilipomfuata nikamkuta anasugua kwa kidole doa la zambarau lililozunguka tundu la sinki. Juisi ile haitoki. Kabla sijapata uongo wa kumpa, aligeuka atafute kitambaa kwenye rafu, akafungua hata kopo la mikate, akakuta udongo.

Hapo inabidi nikiri jambo jingine. Nilikuwa nakula udongo. Wajawazito wengi wanakula, unauzwa pale sokoni Uyole umekaushwa vipande, na harufu yake ni ya mvua ya kwanza. Mtu wa maabara ya udongo kula udongo ni aibu ya aina yake, kwa hiyo niliuficha kwenye kopo la mikate. Mama mkwe alichukua kipande, akakinusa, akakirudisha.

"Wewe unakula udongo mzima mzima," alisema taratibu, "halafu tunda linalotoka kwenye udongo ndio unaliogopa?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikapiga goti pale pale kwenye sakafu ya jikoni na tumbo langu, nikamweleza yote: betri, risasi, mtoto. Nilitegemea machozi au ukali. Mama akavuta kigoda, akakaa, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa amevutiwa.

"Sasa mti unajuaje kuchagua?" aliuliza. "Chini pale kuna maji, kuna kutu ya lori, kuna hiyo risasi yako. Unakunywa vyote? Ama unachagua?"

"Unachagua kidogo, Mama. Lakini si vizuri sana."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Sijui. Mpaka upime."

"Basi pima. Si ndiyo kazi yako?" Akasimama. "Ukikuta ni mabaya, kile kichaka nitakikata na panga yangu mwenyewe. Ukikuta ni mazuri, utakunywa mbele ya macho yangu. Na huo udongo utupe leo."

Kesho yake kliniki wakasoma damu nane na nusu. Muuguzi alinihurumia, hakunilaza siku hiyo. Aliandika tu, akaniambia nirudi baada ya wiki tatu, na kama hakuna kilichobadilika nije na nguo za kulazwa. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Mkuu wetu wa maabara alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mtu wa utani lakini asiyevumilia kazi chafu. Nilipomwomba ruhusa ya kupitisha sampuli zangu pamoja na za majani ya mahindi, alikubali, akasema hajawahi kuona mgonjwa anayejipimia dawa yake. Nikampigia mama simu, nikamwomba anitumie kilo moja ya matunda ya kile kichaka. Yalifika kwa basi, tena safari hii makavu, yamekaushwa vizuri, yamefungwa kwenye karatasi nyeupe na utepe. Niliyachoma, nikayayeyusha, nikayapitisha. Siku ya majibu mkuu aliniita, ameshika karatasi mbali na macho yake.

"Mama, haya matunda yamefuliwa?"

"Yamefanywaje, Mzee?"

"Risasi hakuna. Zinki imejaa kama bati la nyumba. Fosforasi na sodiamu zimepanda mpaka mashine imeshangaa. Mimi nimekaa hapa miaka mingi, sijaona tunda la porini lenye sabuni ndani yake."

Nilimpigia mama mkwe pale pale, nikitafuta namna ya kuuliza bila kuuliza. Alijibu bila hata kujikuna kichwa. Ndiyo, aliyaosha na sabuni ya unga, akayasuuza mara mbili, akayaanika juu ya mabati ya jiko. Na hayakutoka pale gereji hata kidogo. Aliyachuma kule bondeni karibu na kijito, ambako ni pasafi.

"Mama, lakini nilitaka ya pale gereji."

"Mwanangu, vitu vinakwenda ofisini. Mimi nitakupelekea uchafu wa gereji mbele ya wakubwa zako, wakuone umetoka nyumba gani? Hapana. Nikachagua ile mazuri mazuri."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na nilipomaliza kucheka nikataka kulia, kwa sababu wiki moja kati ya tatu zangu ilikuwa imekwenda. Mkuu yeye hakucheka. Alisema hata wakulima wakubwa wanafanya vilevile: ukimwambia lete udongo wa shambani kwako, anakuletea wa pale penye rutuba, maana anaona aibu. Akaniambia kama nataka ukweli nikauchimbe mwenyewe.

Nikapanda basi kwenda Iringa siku ya Jumamosi. Mama mkwe alikuwa ananisubiri na jembe, panga, na kofia ya marehemu baba mkwe aliyonivisha bila kuniuliza. "Kamwene," alinisalimu, nami nikaitikia vivyo hivyo, na tukaenda nyuma ya shamba kabla hata sijanywa chai.

Mahali penyewe hapakutisha. Nyasi fupi, boliti zilizolika na kutu, vipande vyeusi vya maganda ya betri vilivyojitokeza kila alipopiga jembe. Kichaka kilikuwa kimesambaa upana wa nyumba mbili. Mama alinionyesha kinavyotembea: tawi linakua refu, linainama kwa uzito wake, ncha inagusa udongo, na pale inapogusa inatoa mizizi na kuwa mmea mpya. Nimesoma mimea miaka mingapi, sikuwahi kuliona hilo kwa macho. Yeye alilijua tangu utotoni na hakuwahi kulifikiria kuwa ni elimu.

Tulichimba. Nilitaka udongo wa juu, udongo wa kina cha kiwiko, mizizi, shina, majani, matunda mabichi na yaliyoiva, kila kimoja na mfuko wake, na nilimwomba asioshe kitu. Aliapa. Majani niligawa mafungu mawili, moja nilioshe kazini kwa maji yaliyosafishwa, jingine nisilioshe kabisa, ili nijue kipi ni vumbi la barabarani na kipi kimepanda kwa mizizi. Hilo lilimfurahisha mno. Muda wote aliuliza, na maswali yake yalikuwa bora kuliko ya wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo.

"Haya, niambie. Chuma ya huu udongo mwekundu inaingiaje kwenye mti?"

"Kwa shida, Mama. Huu wekundu ni kutu."

Alisimamisha jembe. "Udongo wetu ni kutu?"

"Ni chuma iliyoshika kutu, imebana. Ipo nyingi, lakini haiyeyuki kwenye maji, na mmea hauna meno. Kwa hiyo mzizi unatoa kitu kichachu, unalainisha udongo ulio karibu nao, ndipo unapata chuma kidogo."

Alifikiri huku akikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. Nadhani neno kutu lilikuwa limemuudhi, maana ni ardhi ya wazee wake.

"Kumbe na mti unatia ndimu," alisema hatimaye.

"Kabisa, Mama. Unatia ndimu."

"Na risasi?"

"Risasi mmea hauihitaji. Ila inajipenyeza pamoja na maji. Vitabu vinasema nyingi inang'ang'ania kwenye mizizi, kidogo inapanda kwenye majani, na kwenye tunda inafika kidogo zaidi. Vitabu vinasema. Hiki kichaka chenyewe hakijasema."

Nilirudi Mbeya na mifuko kumi na miwili. Wiki ile sikuwa na raha. Unasaga, unapima gramu, unaingiza kwenye tanuri, unasubiri. Mizizi ilinitesa, ina nyuzi, haisagiki. Matunda yaliponuka kwenye tanuri harufu yake ilikuwa ya jamu inayoungua, na mtoto tumboni akaanza kupiga mateke. Nilijikuta nimesimama mbele ya mlango wa tanuri kama anayengoja mtu atoke chumba cha upasuaji. Usiku huo sikumwambia mume wangu chochote, maana angepiga simu kwao.

Majibu yalitoka Alhamisi. Udongo wa pale ulikuwa na risasi nyingi hivi kwamba mkuu alinitaka nirudie kipimo, na kiliporudiwa kikasema vilevile. Mizizi ilikuwa imejaa. Majani yasiyooshwa yalikuwa mabaya, yaliyooshwa yakawa nafuu, lakini si mazuri. Maana yake si vumbi tu, mengine yalikuwa yamepanda kutoka chini. Matunda mabichi, kidogo sana. Matunda yaliyoiva, mashine haikuona kitu. Niliyapitisha mara tatu. Mkuu alisimama nyuma yangu mara ya tatu, akavua miwani.

"Hili ni jibu la kichaka kimoja," alisema. "Usiende kuwatangazia watu wachume kwenye magereji. Lakini kwa hiki, tunda limepona."

"Na chuma, Mzee?"

Akanionyesha mstari wa chuma. Nilisikia vibaya kwa niaba ya mama mkwe wangu. Chuma cha kwenye matunda kilikuwa cha kuhesabu kwa vidole. Mchicha wa bustanini unayashinda mbali. Ule wekundu wote wa Iringa haukufika kwenye tunda. Rangi nyeusi ni rangi tu. Mkuu aliona uso wangu, akavuta kiti.

"Wewe unameza vidonge vya chuma na nini?"

"Na chai."

"Na udongo unakula?"

"Kidogo tu, Mzee." Alicheka peke yake, maana mkewe amezaa watoto watano.

"Udongo unaikamata chuma tumboni inatoka nayo. Chai nayo inaizuia. Meza kidonge chako na kitu kichachu. Hayo matunda hayana chuma, lakini uchachu wake utaisaidia iliyopo iingie. Na kula maharage."

Nilikaa na karatasi ile mkononi hata mashine ilipozimwa. Kumbe mama mkwe alikuwa sahihi kwa sababu isiyo yake, na mimi nilikuwa nimekosea kwa sababu nilizozisomea. Ningekuwa nimekunywa tangu chupa ya kwanza, huenda damu yangu ingeshapanda. Nilijionea hasira, kisha nikaanza kucheka, kwa sababu kitu kilichokuwa kinakula damu yangu kilikuwa ndani ya kopo la mikate nililolificha mwenyewe.

Udongo niliutupa, chupa ya Ijumaa ile nikainywa yote pamoja na kidonge, na kidonge kikakaa. Kliniki ya wiki ya tatu nilikwenda na begi la nguo kama nilivyoagizwa. Muuguzi alinitoboa kidole, akasubiri, akasoma, akasoma tena.

"Tisa na nusu," alisema. "Inapanda. Rudi na begi lako nyumbani."

Sikurudi nyumbani. Nilipanda basi na begi hilohilo, nikaenda Iringa, kwa sababu ahadi ilikuwa ninywe mbele ya macho yake, na habari kama ile haisemwi kwenye simu.

Nilimkuta jikoni, jiko la nje la matofali, anapuliza moto. Nilimsomea karatasi mstari kwa mstari. Alinisimamisha kila mara nieleze, na nilipofika kwenye matunda yaliyoiva alipiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo mwenyewe. Akanimiminia bilauri ya juisi. Nikapiga goti, nikainywa yote bila kupumua, na yeye akiangalia koo langu linavyopanda na kushuka kama mtu asiyeniamini kabisa. Alikuwa na haki.

"Kwa hiyo panga haina kazi," alisema.

"Haina, Mama. Lakini watoto wasichezee pale, na kuni za mizizi yake msipikie. Uchafu mwingi umebaki kwenye mizizi."

"Na majani?"

"Majani pia. Hata yakioshwa."

"Ahaa." Alikaa kwenye kigoda chake, akaridhika. "Basi mti una akili. Umemficha mtoto wake, mabaya umebaki nayo mwenyewe." Akaondoa birika kwenye mafiga, akajimiminia kikombe. Kilichotoka hakikuwa na rangi ya chai. Kilikuwa cha kijani kilichofifia, na harufu yake niliitambua, maana nilikuwa nimeikalia wiki nzima mbele ya tanuri.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Ya kwenye kichaka. Tangu nimeanza kukutumia wewe, matunda hayatoshi watu wawili. Sijala hata moja. Nikasema basi na mimi nichemshe majani, angalau nisikie harufu yake." Alipuliza kikombe. "Asubuhi na jioni. Magoti yanatulia kidogo."

Nilihesabu wiki kichwani. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka.

"Mama, si nimekusomea sasa hivi?"

"Nimesikia, mwanangu. Lakini mimi nimeshazaa," alisema kwa upole, kama anayenifundisha jambo dogo la jikoni, na akakiinua kikombe mdomoni.

"Mama, weka chini! Weka chini hicho kikombe!"

Nilikuwa nimesimama. Sauti yangu ilitoka mpaka jirani aliyekuwa akianua nguo akageuka. Miaka saba sijamkatiza sentensi, na sasa nilikuwa juu yake, kidole kimenyooka, nalia, nikimwamrisha mama wa mume wangu nyumbani kwake. Alinitazama kutoka kwenye kigoda, kikombe kikiwa kimesimama katikati ya njia.

Kisha akakiweka chini, polepole, pembeni ya mafiga.

"Haya," alisema. "Nimeacha. Usipige kelele, mtoto anasikia."